Nani Atashika Mwiko wa Mama

Kama umewahi kusikia Mungu akiitwa kwa sauti kubwa Musoma mjini, basi kuna uwezekano mkubwa ulimsikia kupitia kwangu. Sisemi mimi ni nabii. Mimi ni mwenye spika. Nakodisha maturubai, viti, jenereta na vyombo vya muziki, na hakuna mkutano wa injili wa maana kuanzia hapa mpaka Bunda ambao haujapita mikononi mwangu. Wahubiri wamekuja wamekwenda. Wengine wamehama, wengine wamenenepa. Mimi nipo palepale nyuma ya miksa, nimeshika kile kitufe cha kupandisha sauti. Nikishusha kidole, hata mtume anakuwa bubu.

Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililionja tu. Leo nina Fuso mbili, nina nyumba Makoko ambayo ukiwa barazani unaliona ziwa bila kunyoosha shingo, na nina vijana tisa wanaoniita bosi. Nilianzia Bunda na baiskeli, spika moja ya honi na betri ya gari niliyoifunga kwenye keria kwa mpira. Nilikuwa natangaza ng'ombe waliopotea, misiba na mnada. Mpaka leo kuna wazee wa Bunda wakiniona wanaguna, wanadhani naleta habari ya kifo.

Nasema haya yote ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku mtoto wangu aliponiaibisha mbele ya ukoo.

Lakini kwanza nisimulie ya koleo, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Ilikuwa Bunda, mkutano mkubwa, uwanja umejaa mpaka watoto wamepanda kwenye miti. Mhubiri alikuwa wa kutoka mbali, suti yake inang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Amefika pale penyewe, pa kuita watu mbele, spika zangu zikaanza kupiga mluzi. Mluzi wenyewe siyo wa kawaida, wa kukata masikio. Watu wakashika vichwa. Mhubiri hakuyumba hata kidogo. Akanyoosha mkono, akasema, "Pepo mchafu, nimekuona! Unapinga neno! Toka!" Mluzi ukazidi. "Toka nasema!" Mimi nimeshainama chini ya meza. Nikakuta mbuzi wa mtu amekanyaga waya, umechomoka nusu. Nikaubana kwa koleo. Kimya. Ghafla, kimya kabisa, uwanja mzima.

Ndugu yangu, watu walilipuka. Akina mama walianguka kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mzee mmoja alitupa tumbaku yake, akaikanyaga. Mhubiri analia, kwaya inalia, na mimi nimekaa chini ya meza nimeshika koleo. Nikajisemea, leo mtoa pepo ni mimi, na hakuna atakayeniambia hata pole.

Hii hadithi nilikuwaga naisimulia mezani kwangu karibu kila wiki. Binti yangu wa kwanza, tangu akiwa mdogo wa miaka mitano, alikuwa ananivuta shati: "Baba, tuambie ya koleo." Nikisimulia anacheka mpaka anadondoka kwenye kiti. Mama yake alikuwa hapendi. "Baba fulani, unawafundisha nini hawa watoto?" Nikamwambia nawafundisha kazi.

Sasa, mama yangu mzazi anaishi Kibara, pale pale nilipozaliwa. Nimemjengea nyumba ya bati, nimemwekea umeme wa jua, lakini yeye bado anapika nje kwa kuni. Kwake kuna desturi moja ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine. Anayesali ndiye anayeshika mwiko, na anayeshika mwiko ndiye anayepakua. Havitenganishwi. Huwezi kusali maneno mazuri halafu ukamwachia mwenzako kazi ya kugawa, maana mama anasemaga sala ya mtu inaonekana kwenye sahani za wengine. Yeye alipokea mwiko kwa mama mkwe wake, aliyekuwa wa kwanza kubatizwa katika boma lile, wakati babu bado anamwaga pombe chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Babu alisema waache hao wawili, Mungu na wazee, washindane, tutaona nani ataleta mvua.

Kila Krismasi tunakusanyika wote Kibara. Hata siku hiyo, sufuria la kwanza ni ugali wa udaga, unga wa mihogo, na samaki sato. Pilau ya mke wangu inasubiri pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa. Mama anasimama, anashika mwiko, anasali, anapakua, tunakula.

Krismasi ya mwaka juzi alimaliza kupakua, akakaa kwenye kigoda chake, akainua mikono ili tuione. Inatetemeka.

"Mwakani, Mungu akipenda, mwiko huu hauko kwangu tena," alisema. "Unakwenda kwa mjukuu."

Sote tukageuka kumwangalia binti yangu. Ndiye mjukuu wa kwanza, na jina lake ndilo jina la mama. Mama hamwiti kwa jina, anamwita wajina. Alikuwa kidato cha pili. Mimi kifua kimeshaanza kujaa. Nilikuwa natafuta maneno ya kushukuru kwa niaba yake, maneno marefu.

Mtoto akasimama kwa heshima zote, akapiga goti kidogo, akasema, "Bibi, asante sana. Ila mimi siwezi. Sijui kama Mungu yupo."

Hapo ndipo nilipogundua kuwa kuku wana sauti kubwa sana watu wakinyamaza.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mdogo wangu, wa kunifuata. Yeye yuko Buswahili, analima pamba na mahindi, na ni mzee wa kanisa. Watoto wake wanamwaga mistari ya Biblia kama gunia lililotoboka. "Kaka," akasema, anajifanya anasikitika, "hizo spika zako ungejikodishia na nyumbani, siku moja moja."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Huyu mtoto anatania."

"Sitanii, Baba," mtoto akasema.

Mama hakugomba. Alimwangalia wajina wake kwa muda, akasema, "Sawa. Nakupa mwaka. Mwaka ukiisha bado hutaki, mwiko utakwenda Buswahili, kwa watoto wa baba yako mdogo. Lazima uende mahali. Hauwezi kufa na mimi."

Hauwezi kufa na mimi. Mtu mwingine angesikia hapo habari ya kifo cha mama yake. Mimi, nasema ukweli, nilisikia Buswahili. Mdogo wangu nimemshinda kila kitu: nyumba, gari, watoto, hata tumbo. Halafu sala ya mama ikakae kwake? Nilirudi Musoma njia nzima nahesabu nitafanyaje.

Mtu aliyejitengeneza mwenyewe akipata tatizo hakai chini kulia. Anatafuta fundi. Nilimtafuta mwalimu wa dini mstaafu, mzee mpole, akawa anakuja nyumbani Makoko kila Jumanne. Wiki ya nne akanifuata gereji ninapowekea vyombo, jasho linamtoka.

"Mzee, yule mtoto wako..."

"Anakusumbua?"

"Hapana, ana adabu sana. Ila ananiuliza mambo ambayo kwenye kitabu hayapo. Sasa na mimi nimeanza kukosa usingizi."

Nikambadilishia njia. Nikamwahidi binti simu mpya, ile kubwa. Akaniangalia. "Baba, unanihonga ili nimwamini Mungu?"

"Siyo hongo. Ni motisha."

"Na Mungu mwenyewe anajua?"

Nikaona basi tuanze sala ya jioni ya nyumba nzima, mambo ya kusali kila mtu kivyake ndiyo yametufikisha hapa. Na kwa kuwa mimi nikifanya jambo nafanya kwa kiwango, nilileta spika ndogo mbili na maiki, nikazifunga sebuleni. Nikasali mimi mwenyewe, kwa mtindo ule niliousikia miaka ishirini kutoka nyuma ya miksa: nikapanda, nikashuka, nikarudia neno mara tatu, nikafuta jasho ambalo halikuwepo. Nilikuwa vizuri. Mke wangu alisimama katikati ya sala, akachomoa waya ukutani.

"Mungu siyo kiziwi," akasema. "Na mimi pia siyo."

Binti alicheka mpaka machozi. Mimi nilimnunia siku mbili.

Mwaka ukaenda hivyo. Ikabaki wiki moja tufike Krismasi, nikawa na kazi ya harusi Butiama. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo binti alikuja kunisaidia kufungua vyombo, maana vijana wangu walikuwa Bunda kwenye msiba. Ilikuwa saa tisa mchana, wageni wameshaondoka, pale uwanjani tumebaki sisi wawili, mabaki ya keki na mbwa mmoja.

Turubai kubwa huwezi kulikunja peke yako. Mnashika pembe, mmoja huku mmoja kule, mnatembea mnakutana katikati, mnapeana pembe, mnarudi tena, mnakutana tena. Ukikunja na mtu mliyenuniana utaumia, kwa sababu kila baada ya hatua chache mnaangaliana usoni.

Tulipokutana mara ya kwanza akasema, "Baba, nikuulize?"

"Uliza. Vuta hiyo pembe kwanza."

"Unadhani mimi nimejifunzia wapi kutokuamini?"

"Shuleni. Hao walimu wenu wa sayansi."

"Siyo shuleni."

Tukaachana, tukarudi.

"Wapi sasa?"

"Mezani kwako."

Nikacheka. "Mezani kwangu umejifunza kula."

"Koleo," akasema.

Nikaendelea kucheka kidogo, kisha nikaona ninacheka peke yangu.

"Nilikuwa mdogo, Baba. Wewe unasimulia, tunacheka. Halafu Jumapili naenda kanisani na mama, watu wanafumba macho, mimi natafuta waya. Mtu akilia, natafuta waya. Mchungaji akiinua mikono, namwangalia fundi wa spika. Hata bibi akisali mimi naangalia chini ya meza. Siwezi kuacha. Wewe ndiye ulinionyesha." Alisema bila hasira, kama anayekueleza gari linavuja wapi. "Na wewe mwenyewe je? Unaamini?"

Watu wanaonifahamu wanajua mimi sikosagi neno. Nimewahi kubishana na trafiki wawili kwa pamoja nikawashinda. Pale Butiama nilishika pembe ya turubai, nikaikung'uta vumbi mara mbili.

"Sijui kama ni kuamini," nikasema. "Ila kuna kitu nilikiona."

"Kitu gani?"

"Kunja kwanza."

Tukakunja. Nikamwambia tukiwa tunatembea, kidogo kidogo, maana ndivyo turubai linavyoruhusu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba yangu alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu, na dhahabu ilikuwa haijamwona. Mihogo ilikuwa imeharibika shambani. Tulikuwa saba na mama wa nane, na kwenye sufuria kulikuwa na ugali wa watu watatu, na furu wachache, wale wadogo wadogo wa ziwani ambao siku hizi hata paka wangu hawagusi. Mama akashika mwiko, akaanza kusali. Akasali muda mrefu. Sisi tulidhani anataka njaa ichoke yenyewe.

"Mimi nikafumbua macho," nikasema. "Nilikuwaga nafumbua siku zote."

"Kumbe na wewe?"

"Nikamwangalia. Na yeye macho yake yalikuwa wazi. Mdomo unasema na Mungu, macho yanautazama ule ugali, yanaukata. Hapa wa huyu, hapa wa yule. Akamaliza, akapakua. Kila mtu akapata, na hakuna aliyeweza kusema fulani kazidishiwa. Yeye akabaki na sufuria, akakwangua."

"Kikawatosha?"

"Hapana. Kilitosha wapi? Lakini hatukugombana. Watoto saba wenye njaa, na hakuna aliyemwangalia mwenzake vibaya. Nimefanya kazi hii miaka yote, mwanangu, nimeona miujiza mingi, na mingi najua waya wake ulipita wapi. Ule wa mama nimeutafuta mpaka leo, sijauona."

Tulikuwa tumefika mwisho, turubai limekuwa bonge dogo kati yetu, mikono yetu imegusana.

"Hiyo hujawahi kutusimulia," akasema.

"Haichekeshi."

"Ungesimulia hivyo hivyo."

Sikumwuliza zaidi. Nilitaka sana kumwuliza. Nilitaka kumwuliza palepale kama mwiko atauchukua, nipige simu Buswahili. Lakini kuna wakati hata mimi najua kushusha sauti.

Siku ya Krismasi tulifika Kibara saa tano asubuhi. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, amewapanga watoto wake wote wanne kwenye mkeka, mashati meupe, nywele zimechanwa, mkubwa wao anarudia mistari kwa midomo bila sauti kama mchezaji anayepasha mwili kabla ya mechi.

"Kaka, karibu," akasema. "Tumejiandaa."

"Naona. Mmekuja kwenye sala au kwenye usaili?"

Ugali ukaiva. Mama akaletwa kwenye kigoda. Alikuwa amepungua, gauni limemzidi. Akachukua mwiko kwa mikono yote miwili, akamwangalia binti yangu.

"Wajina. Mwaka umekwisha."

Binti akasimama. Akaenda, akapiga goti mbele ya bibi yake, akasema kwa sauti ndogo, lakini sote tulisikia, "Bibi, nikisali nitasema ukweli. Unaruhusu?"

"Sasa ungesema nini kingine?" mama akajibu, akampa mwiko.

Akasimama pale kwenye sufuria, mvuke unampiga usoni. Hakufumba macho. Na mimi pia sikufumba. Akasema hivi, nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa machache:

"Mungu, mimi sijui kama upo. Bibi anasema upo, na bibi hajawahi kunidanganya. Tumefika wote salama. Naomba nigawe vizuri. Nikikosea, lawama iwe yangu, isiwe ya aliyekosa chakula. Amina."

Tukasema amina, wengine kwa kuchelewa. Mdogo wangu hakusema. Aliruka kama aliyekaa juu ya siafu.

"Mama, hiyo siyo sala! Amesimama mbele ya chakula anasema hajui kama Mungu yupo!"

"Nimesikia. Mikono ndiyo inayotetemeka, masikio ni mazima."

"Sasa?"

"Hayo maneno alikuwa anamwambia nani?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe mzee wa kanisa. Kwamba hajui kama yupo, alikuwa anamwambia nani? Wewe?"

Mdogo wangu akaangalia watoto wake kana kwamba mmoja wao ana mstari wa kumsaidia. Hakuna aliyekuwa nao.

"Basi kaa chini," mama akasema. "Na mimi nilipoupokea huu mwiko nilikuwa namwogopa mama mkwe kuliko Mungu. Ugali unapoa."

Binti akaanza kupakua. Alikuwa anaangalia sufuria, anaangalia watu, anarudi kwenye sufuria, midomo imebana. Akaanza na bibi. Akaja kwa watoto wa Buswahili, wale wanne wa mashati meupe, akawapa mabonge makubwa na sato wenye mgongo mnene, na yule mkubwa aliyekuwa amekariri mistari mwaka mzima akampa kichwa cha samaki, ambacho kwetu hapewi mtu hivi hivi. Mtoto yule uso wake ulikuwa unataka kulia. Alipokipokea kile kichwa akasema, "Asante, dada," akaanza kula.

Kisha baba yake mdogo, bonge la heshima. Kisha mama zake. Kisha majirani wawili waliokuwa wamepita kutusalimia na kwa bahati wakapita wakati wa kula. Mimi, mwenye Fuso mbili, mwenye nyumba Makoko, baba mzazi wa mshika mwiko, nilifikiwa wa mwisho. Nilipewa ugali ambao ungeweza kujificha chini ya kijiko, na mkia wa samaki.

"Mwanangu," nikasema taratibu, "huku mbona umepunja?"

"Baba, wewe umekula mwaka mzima."

Watu walicheka, mama kuliko wote, mpaka akashikwa na kikohozi tukampa maji.

Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa pembeni, kwenye gogo karibu na gari. Baada ya muda mdogo wangu akaja na ya kwake, akakaa kando yangu. Ule ulikuwa wakati wangu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatunza mwaka mzima, maneno matamu kabisa kuhusu mwiko na nyumba ambamo umebaki. Nikamwangalia. Alikuwa anakula polepole, macho yake kwa watoto wake, na kwenye sahani bado bonge lilikuwa kubwa.

"Ni mkono wa mama kabisa," akasema, mdomo umejaa. "Huu ugawaji. Umeona?"

"Nimeona."

Sahani yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nikanyoosha mkono kwenye ya kwake, na yeye, bila kuniangalia, akanimegea.